Mama atataka chai saa tisa usiku melini, bakshishi natoaje?

BintiWaMakadara

Salaam aleikum wenzangu, poleni na mvua. Nina swali na naomba msinicheke. Mwezi ujao inshallah naenda Marekani na mamangu, kakangu yuko Houston miaka kumi na mbili sasa na ametulipia safari ya meli ya kitalii siku saba, yatoka Galveston yashuka Meksiko mpaka Cozumel na kwengine huko. Visa tushapata alhamdulillah. Sasa mi meli niliyoizoea maishani mwangu ni feri ya Likoni, na mamangu vilevile, yeye sanasana alipanda jahazi akiwa kigori, kwa hivyo hizi za ghorofa kumi na tano zenye bwawa la kuogelea juu twaziona tu pale Kilindini zikija na wazungu wao.

Shida yangu ni hii. Mama ana miaka 71 na magoti yamsumbua, hataki mambo ya kupanda na kushuka kutafuta chakula, na kaka kasema mwagizieni rumu savisi tu, mwapiga simu chakula chaletwa mlangoni. Vizuri. Lakini tofauti ya saa kati ya hapa na kule ni saa nane, namjua mamangu, ataamka saa tisa usiku macho kodo maana tumboni mwake ni saa tano asubuhi, na akitaka chai ataka chai, si maji moto yaliyooneshwa majani.

Sasa binamu yangu kanambia huko kila siku wakata dola kumi na kitu kwa kila kichwa ati bakshishi, utake usitake. Kama zishakatwa, yule anoleta sinia usiku nimpe tena? Mama kashaapa kwamba mtu akimletea chakula mlangoni usiku wa manane haondoki mikono mitupu, ni aibu, tena ashaanza kuweka noti za hamsini hamsini za Kenya kwenye kipochi chake. Na mi sitaki kila kikombe cha chai kije kimlipishe kakangu huko mbele manake kadi iliyounganishwa ni yake. Nikitoa natoa ngapi, mkononi au kuna karatasi ya kujaza? Alojua anijulishe.

DerevaWaSaba

Dadangu hizo pesa za kila siku ni wizi mtupu. Mi niliambiwa na mgeni wangu mmoja kwamba waweza kwenda resepsheni siku ya kwanza uwaambie ondoa, na waondoa bila neno. Kampuni ina meli ya mabilioni ishindwe kulipa watu wake mshahara ije ikutoze weye? Ondoa zote, na huyo wa chai mwambie asante kwa Kizungu, basi. Mama abaki na hamsini zake anunulie viazi vya karai akirudi.

MpendaMahamri

Chai saa tisa usiku mlangoni 😂😂 na hapa kwangu kumwamsha mtu aniwekee maji jikoni saa moja asubuhi ni vita. Nangojea majibu na mimi.

BahariaKuze

Waleikum salaam dadangu. Mi nimefanya kontrakti sita kwenye hizo meli, nne za kwanza rumu savisi na mbili za mwisho nilikuwa stuwadi wa kabini, kwa hivyo hapa nazungumza kitu nimekibeba, tena kwa mkono mmoja, maana sinia hukaa begani na mkono wa pili ni wa kugonga mlango.

Kwanza hizo za kila siku. Kampuni nyingi za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kila mtu kila siku kwa kabini ya kawaida, vyumba vya kifahari huzidi kidogo. Tuseme 18, nyinyi wawili, siku saba, hiyo ni dola 252, kwa shilingi za leo ni kama elfu thelathini na mbili na ushee. Najua inauma ukiipiga kwa shilingi, kwa hivyo usiipige. Kabla ya yote muulize kakako kama alizilipa pamoja na tiketi, wengi hulipa mapema na mkifika hamtaziona kabisa kwenye bili.

Zaenda wapi? Kuna mfuko mmoja hugawanywa, stuwadi wa kabini, weita wa mkahawa mkubwa na msaidizi wake, na watu ambao hutawaona mpaka mshuke, kama wale vijana wa kufua mashuka kule chini kabisa pasipo dirisha. Na watu hudhani hizo ni za ziada juu ya mshahara. Si za ziada. Ule mshahara wa kampuni wenyewe ni mdogo, hizo ndizo za kupeleka nyumbani. Kontrakti ni miezi sita mpaka tisa bila siku moja ya mapumziko, na sheria ya kimataifa yaruhusu mtu afanye kazi mpaka saa 14 kwa siku, mradi kwa wiki asizidi 72. Sasa Dereva ukimshauri mtu aende resepsheni kuziondoa, kampuni haikuhisi hata kidogo, alohisi ni yule kijana anokukunjia taulo umbo la tembo. Na kwenye meli yangu habari za kabini zilizoondoa zilikuwa zatufikia, na kanuni ilikuwa mgeni akishaondoa halafu akakupa ishirini mkononi, yatakiwa uipeleke kwenye mfuko, si yako.

Haya, sasa la mamako. Mamako yuko sawa na sababu yenyewe hata yeye haijui. Kwenye kampuni nilokuwa mimi watu wa rumu savisi HATUKUWA kwenye ule mfuko. Hata senti ya zile 18 haikutufikia, tulikuwa twategemea kile mtu atakachotutilia mkononi pale mlangoni. Kampuni nyengine huwaingiza, nyengine huongeza asilimia juu ya kila oda, kwa hivyo huwezi kujua mpaka uione karatasi. Utaletewa risiti ya kutia sahihi hata kama chakula ni bure. Isome. Kama kuna mstari ushaandikwa asilimia 18 au 20, hiyo ndiyo bakshishi ishaingia. Chini yake kuna mstari mtupu, ule ni wa kuongeza kwa hiari, na hapo ndipo watu hulipa mara mbili bila kujua. Weye mstari mtupu upige kistari, halafu kama wataka kutoa toa noti mkononi. Ya mkononi yafika usiku uleule na haigusi kadi ya kakako.

Kiasi: dola mbili au tatu kwa chai na mkate, tano kama ni sinia la watu wengi. Hakuna atakayekununia kwa mbili. Kununiwa ni pale mtu ameagiza baga nne, pizza mbili na aiskrimu saa nane usiku, afungua mlango nusu, avuta sinia kama alokuwa akinyang'anywa, mlango pwa.

Na noti za hamsini mwambie mama aziache nyumbani, si dharau, mi mwenyewe ni Mkenya lakini yule Mfilipino ataipeleka wapi hamsini ya Kenya.

DerevaWaSaba

Baharia umeongea vizuri lakini hujajibu swali langu. Kwa nini kampuni isilipe? Nina shemeji yangu Southampton asema kampuni ya meli ya P&O ya Uingereza ilifuta mambo hayo 2019, imeingiza kwenye bei na meli bado zaelea.

BahariaKuze

Hiyo ni kweli na mi ningependa wote wafanye hivo. Lakini dada huyu meli yake yatoka Texas, haitoki Southampton, na yeye akiondoa zake mwezi ujao kampuni haitabadilisha kitu.

Tena ndugu yangu weye si ndiye wasimama pale geti la bandari meli zikija, wapeleka wageni Fort Jesus na Haller Park? Ukirudi nao jioni wangoja nini pale wakishuka kwenye gari? 😂

DerevaWaSaba

Mi nangoja asante.

DerevaWaSaba

Sawa nangoja kitu kidogo. Lakini mimi sina kampuni nyuma yangu, petroli ni yangu.

MamaPachaNyali

Hamjambo. Mi tulienda mwaka juzi na wakwe zangu, tuliondokea Florida, nikuongezee yale ambayo mwanamume hawezi kukwambia.

Rumu savisi si bure kila mahali. Kwa mfano kampuni ya Royal Caribbean tangu 2017 hutoza dola 7.95 kwa kila oda na asilimia 18 juu yake, inafika dola 9 na senti 38. Ni kwa oda, si kwa sahani, ukiagiza kikombe kimoja ni hiyohiyo na ukiagiza chakula cha watu watano ni hiyohiyo. Kwa hivyo kikombe kimoja cha chai cha mama usiku ni shilingi elfu moja mia mbili, Makadara hapo unakunywa chai mpaka Idi. Lakini kiamshakinywa kile chepesi, mikate, matunda, nafaka, chai na kahawa, ni bure. Carnival nao asubuhi nyepesi ni bure, vyengine kila chakula kina bei yake. Sijui yenu ni ipi, ingia kwenye apu yao usome menyu kabla hamjapanda.

Hicho kiamshakinywa cha bure hakiagizwi kwa simu, mlangoni ndani mtakuta kadi ndefu ina tundu, mwatia alama kwa kalamu mwataka nini na saa ngapi, ni kwa nusu saa nusu saa, halafu mwaining'iniza nje kwenye kitasa kabla ya kulala. Mi siku ya kwanza nilitia alama kila kisanduku nikidhani nachagua vitu navyopenda, tukaletewa maziwa aina nne na mtindi sita. Mama mkwe kaniangalia tu.

Halali: kakako aandike kwenye buking kabla ya safari, na siku ya kwanza mkifika muulizeni mkuu wa mkahawa mbele yenu. Bafe na mkahawa mkubwa tulisaidiwa vizuri sana, kila jioni weita anatuletea menyu ya kesho tuchague. Rumu savisi ndiyo ngumu, jikoni lake la usiku lina vitu vichache na nusu yake ina nguruwe, baga unaambiwa ni ng'ombe lakini si wa kuchinjwa. Usiku tulikuwa twakula samaki, saladi, keki na matunda tu.

Na dola, tafuta noti za moja moja na tano tano hapa hapa mjini kabla hamjaondoka, au umwambie kakako apitie benki huko. Melini resepsheni hukuvunjia lakini siku ya mwisho foleni ni ndefu kama ya feri pale Likoni, maana kila mtu akumbuka bakshishi siku ya mwisho. Weka na nyengine za wale wapagazi wa bandarini Galveston, hao si watu wa meli, dola moja au mbili kwa begi.

BahariaKuze

Hapo kwa noti ndogo niongeze kidogo kwa faida ya mabaharia wenzangu 😄 moja moja ni nzuri lakini tano ni bora kama waweza, maana mi nilikuwa narudi nyumbani na mabunda ya dola moja moja, forex hapa wakikuona nazo wanakata bei au wakataa kabisa, na ikiwa ni noti ya zamani ndio usiseme. Nilijifunza kuzibadilisha ofisi ya wafanyakazi kabla ya kushuka, nipewe mia mia za kichwa kikubwa. Sarafu usimpe mtu, hazibadilishiki popote.

BintiWaMakadara

Jamani Mungu awabariki, nimemsomea mama yote. Kuhusu noti za hamsini kasema haya. Kuhusu chai ya elfu na mia mbili kanyamaza, halafu kaniuliza, ndani yake mna iliki? Nikamwambia hamna. Kasema basi atabeba birika letu la umeme na majani yake na atapika mwenyewe chumbani. Itawezekana?

MamaPachaNyali

Birika la umeme HAPANA. Pasi pia hapana. Mizigo yote yapita kwenye mashine, watalitoa na mtaenda kulifuata kwenye chumba kimoja cha chini kabisa pamoja na watu walioficha pombe. Mama mkwe wangu alienda kuifuata pasi yake kwenye foleni ya walevi, na buibui lake.

BahariaKuze

Beba chupa ya chai. Ile ya kawaida, ya lita moja, ya kutilia chai ya wageni. Hiyo hakuna anoikataza. Iliki mama aitwange nyumbani kabisa aitie kwenye kikopo, ya Marikiti yatosha, na majani yake ya Kericho kwenye paketi iliyofungwa.

Sasa sikiza. Kule juu kwenye bafe kuna sehemu ya vinywaji, maji moto na chai na kahawa, kwenye meli nyingi yafanya kazi usiku kucha na ni bure. Weye saa nne usiku kabla ya kulala panda na chupa. USITIE mdomo wa chupa kwenye bomba la mashine, wafanyakazi watakukataza na wana haki, ni mambo ya kuzuia maradhi ya tumbo, mmoja akiugua wiki yote meli nzima yaharisha. Chukua kikombe safi, jaza, mimina kwenye chupa, jaza tena. Maziwa moto muombe mtu wa bafe, mwambie ni ya mamangu mzee, atakuletea jagi. Tia majani na iliki, funga. Saa tisa mama akiamka chai yake iko mezani, haikupiga simu kwa mtu.

Na kama siku moja ataka kuletewa, maana kuletewa nako ni raha na ndiyo sababu mtu akapanda meli, basi agiza kitu cha maana pamoja na chai ili ile ada isiende bure. Sema mapema kwamba maziwa yawe MOTO na yawe mengi, la sivyo ataletewa vile vikopo vidogo vya krimu. Tena usiagize saa kumi na mbili asubuhi siku ya kushuka bandarini, nakuomba kwa jina la kazi. Siku hiyo kila kabini yataka kahawa saa ileile moja. Sie usiku tulikuwa twapita korido baada ya korido twakwanyua zile kadi milangoni, twazipanga sakafuni kwa saa, na ikifika saa kumi na mbili na nusu una masinia yamejaa rafu mpaka juu, lifti ya wafanyakazi imeshikwa na mtu wa mashuka, simu yalia wauliza yai liko wapi. Mi nishapanda ngazi ghorofa saba na masinia mawili, nikagonga mlango, mtu akafungua kwa kaptula akaniambia aah nimeshakula juu, rudisha. Hata mbili hakunipa.

Stuwadi wa kabini naye usimsahau, ingawa yeye yumo kwenye mfuko. Siku hizi kampuni nyingi zimepunguza, asafisha mara moja kwa siku badala ya mbili, lakini kabini amepewa nyingi zaidi. Ukimpa dola kumi siku ya KWANZA badala ya ya mwisho, umwoneshe na magoti ya mama, wiki nzima mtaona tofauti. Hiyo si hongo, usianze Dereva.

DerevaWaSaba

Sijasema kitu mimi.

KijanaWaChangamwe

Samahanini naingilia, kaka Baharia naomba mwongozo, kuna ajenti mjini aniambia nilipe elfu themanini anipatie kazi kwa hizo meli, stuwadi, niondoke mwezi wa nane. Ni kweli?

BahariaKuze

Usilipe mdogo wangu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, Kenya imeuridhia tangu 2014, wakataza kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi. Kinachoweza kuwa juu yako ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, na mafunzo ya msingi ya usalama utayafanya hapahapa Bandari Maritime Academy. Nenda Mamlaka ya Bahari ya Kenya uulize jina la huyo ajenti liko kwenye orodha yao. Kama akuharakisha ulipe kabla hujaenda kuuliza, hapo ushapata jibu. Fungua mada yako nitakujibu zaidi, hapa ni mambo ya chai.

BintiWaMakadara

Wenzangu tumerudi salama, wiki ya tatu sasa, mniwie radhi nilikuwa nimechoka. Nimeahidi kuleta habari nazileta.

Kaka alikuwa kalipa zile za kila siku pamoja na tiketi, kwa hivyo hilo lilituepuka. Chupa ya chai ilipita kwenye mashine, kijana wa ulinzi akaifungua, akanusa, kumbe mama kashatia iliki ndani tangu Mombasa ili ipate harufu, akacheka akaifunga. Bafe ilikuwa kama alivosema Baharia, siku ya tatu yule mama wa pale alikuwa akiniona tu na chupa yangu aenda kuleta jagi la maziwa kabla sijafungua mdomo. Nilimpa tano.

Sasa usiku wa nne. Mi nimelala, nimechoka na Cozumel, jua la huko si mchezo. Mama kaamka saa tisa, chupa ipo, lakini kasema siku zote nanywa chai ya chupa kama niko matangani, leo nataka kuletewa. Kapiga simu mwenyewe! Kiingereza cha mamangu ni cha shule ya msingi ya zamani lakini kilitosha, chai, maziwa moto, samaki, keki. Naamka nasikia mlango wagongwa, kijana kaingia, Mwindonesia, kuona mama kajitanda leso kampigia salaam aleikum na mama akaitikia kwa sauti ya msikitini. Kaweka sinia, kafunua vile vifuniko vya chuma kimoja kimoja, kampa mama risiti na kalamu. Mama kavaa miwani, kasoma, katia sahihi, kaandika andika, kampa na dola tatu mkononi kama tulivyofundishwa. Kijana kashukuru kaondoka. Mi nikarudi kulala.

Haijapita dakika kumi wagongwa tena. Yule yule. Kashika ile risiti kwa mikono miwili kama cheti, amwambia mama taratibu kwa kidole, mama, hapa umeandika sabini na moja.

Mamangu ule mstari mtupu kadhani waulizwa umri! Kwani hospitali zote za hapa si ndivyo, jina, sahihi, umri. Kaandika 71. Dola sabini na moja bakshishi ya chai! Na yule kijana angenyamaza hakuna ambaye angejua mpaka bili ya mwisho, na pengine hata hapo kaka angelipa tu asiulize. Kakata ile 71 kwa kalamu mbele yetu, akamwomba mama atie sahihi tena pembeni, na mama acheka mpaka machozi, miwani yaanguka kwenye sahani ya keki.

Akamwambia angoje. Kafungua begi, katoa leso moja mpya kati ya zile alizonunua Biashara Street za kupelekea wake wa marafiki wa kaka, kampa ampelekee mkewe. Kijana kasema hajaoa. Mama kasema basi ya mamako.

Bili ya mwisho kaka kaiona kwenye simu yake, kanipigia aniuliza hii oda moja ya dola tisa na senti ni nini na mbona zengine zote hamkuagiza, mwaona haya? Nikampa simu mama.

DerevaWaSaba

😂😂😂 sabini na moja! Na angewaachia jee, mngelipa?

BintiWaMakadara

Mama asema angelipa kaka.